Bledi haipungui pande zote mbili

Karakana nyingi zenye msumeno wa meza zina bledi tatu na sledi moja, yaani ubao unaoteleza juu ya meza ukibeba mbao hadi kwenye bledi. Bledi ya kwanza ni ya kupasulia: meno 24, upana wa jino mm 3.2. Ya pili ina meno 60 au 80, ya melamini (ubao wenye ngozi ngumu ya kung'aa) na plaiwudi. Ya tatu ni nyembamba, mm 2.4, iliyonunuliwa baada ya mota kuanza kuunguruma na kunukia kila inapokutana na mninga mkavu wa inchi mbili. Zote tatu zinapita kwenye njia ileile iliyochimbwa na bledi ya kwanza siku sledi ilipotengenezwa. Kisha kabati la jikoni linafungwa nyumbani kwa mteja kule Mtumba au Ihumwa, hapa Dodoma, na ukingo wa chini wa kila shelfu unaonekana kama umetafunwa na panya.

Tatizo haliko kwenye bledi. Jino likishuka kupitia mbao linasukuma nyuzi za upande wa chini zitoke nje. Nyuzi hizo zikiegemea kitu kigumu, zinakatwa. Zisipoegemea kitu, zinang'oka, na melamini inameguka kwa sababu ngozi yake ni ngumu kama ganda la yai. Kwa hiyo sledi si chombo cha kukatia pembe mraba tu. Ile njia ya bledi kwenye sakafu yake na kwenye fensi yake (ukuta ambao mbao inauegemea) ndiyo inayozishika nyuzi, na inazishika vizuri pale tu upana wa njia unapolingana na upana wa jino. Njia ya mm 3.2 ikitumiwa na bledi ya mm 2.4 ina mwanya wa mm 0.8 ambao haumshikilii mtu chochote.

Hapo wengi hudhani mwanya huo umegawanyika nusu kwa nusu, 0.4 kushoto na 0.4 kulia. Sivyo. Bledi inakaa kwenye shafti ikiegemea flenji ya ndani, kile kisahani cha chuma kisichotoka, kisha inabanwa na nati kutoka upande wa pili. Chukua bledi nene ambayo bamba lake (mwili wake bila meno) ni mm 2.2: jino linatokeza mm 0.5 kila upande. Nyembamba ina bamba la mm 1.6, na jino linatokeza mm 0.4. Upande wa flenji, tofauti kati ya bledi hizi mbili ni 0.5 kutoa 0.4, yaani mm 0.1. Upande wa nati, nene inafika mm 2.7 kutoka kwenye uso wa flenji na nyembamba inafika mm 2.0. Tofauti ni mm 0.7. Karibu upungufu wote umeangukia upande mmoja, na ndiyo maana kipande cha upande huo kinameguka wakati cha upande wa pili kimetoka safi. Fundi anailaumu bledi kuwa ni feki, kumbe sakafu ya sledi ndiyo imemwacha.

Fungua kifuniko cha mashine yako uangalie flenji ya ndani iko kushoto au kulia kwa bledi. Mashine zinatofautiana. Andika "F" kwa maka kwenye meza upande huo, maana vipimo vinavyofuata vinaanzia hapo.

Sakafu ya tabaka mbili

Sledi ya bledi nyingi inajengwa hivi: mwili haubadiliki, kinachobadilika ni ulimi mmoja mwembamba unaopita chini ya fensi kama droo. Kila bledi ina ulimi wake. Ukiwa na ruta (mashine ya kuchongea mifereji) unaweza kuchimba mfereji wa ulimi kwenye ubao mmoja, lakini ruta haihitajiki. Tabaka mbili za plaiwudi zinatoa mfereji ulionyooka kuliko ule wa ruta inayotetemeka.

Tabaka la chini ni plaiwudi ya mm 9, upana mm 800 kushoto hadi kulia, kina mm 600 mbele hadi nyuma. Tabaka la juu ni plaiwudi ya mm 6 iliyokatwa vipande viwili vya mm 350 kwa 600. Vinabandikwa juu ya tabaka la chini kwa gundi nyeupe na kuacha katikati mfereji wa mm 100. Ulimi unalala kwenye mfereji huo. Ndimi zote zikate kutoka shiti ileile ya mm 6 uliyotumia kwa tabaka la juu. Plaiwudi ya "sita" ya duka hili ukiipima kwa venia (kipimo cha taya cha sehemu ndogo za milimita) inaweza kuwa 5.4, na ya duka la jirani 5.8. Ukichanganya, ulimi utakaa kama kizingiti na mbao itabembea juu yake. Kata ndimi sita au nane siku hiyohiyo, shiti bado iko mezani.

Tabaka zote mbili zinakula mm 15 za urefu wa bledi. Bledi ya mm 250 kwa kawaida inapanda hadi kama mm 80 juu ya meza, kwa hiyo mbao ya inchi mbili bado inapita bila shida. Usiweke tabaka la mm 18 chini kwa kudhani uzito ndio uimara. Uimara unatoka kwenye fensi na boriti ya mbele, si kwenye sakafu.

Tabaka la chini linahitaji uwazi wa bledi, na uwazi huu hauwi katikati. Ukianzia ukingo wa jino ulio upande wa F, acha mm 3 upande huo, kisha nafasi iliyobaki yote iwe upande wa nati: mm 12 kwa jumla zinatosha bledi za kawaida, mm 26 ukitumia seti ya dado ya kuchimbia mifereji hadi mm 20. Uwazi uanzie ukingo wa mbele, upite chini ya boriti ya mbele, uishie mm 90 baada ya uso wa fensi. Usiufikishe ukingo wa nyuma. Pale mwisho ndipo sakafu inaposhikana.

Fensi ya nyuma, ile iliyo karibu na wewe, ni plaiwudi mbili za mm 18 zilizobandikwa pamoja, urefu mm 760 na kimo mm 110. Zibane juu ya kitu kilichonyooka kweli wakati gundi inakauka, kama kioo kinene au meza yenyewe ya mashine ikiwa ni ya chuma cha kusubu. Mbao ya paina ya mbili kwa nne isitumike hapa hata kama inaonekana imenyooka leo. Paina nyingi inayoshuka Dodoma kutoka Sao Hill kule Mufindi inafika ikiwa na maji mwilini, na hewa kavu ya hapa inayanyonya kwa wiki chache. Inapokauka inapinda, na inapinda na fensi yako. Boriti ya mbele haina masharti hayo. Kazi yake ni kuzuia nusu mbili za sledi zisiachane, basi.

Fensi isimame mm 110 kutoka ukingo wa nyuma wa sakafu, si ukingoni kabisa. Sababu ni umbo la bledi. Kukata mbao ya mm 50 hadi ifike fensi, meno ya chini yanalazimika kutangulia meno ya juu kwa takriban mm 77. Maana yake bledi inatokeza nyuma ya fensi, pale pale vidole gumba vinapokaa. Sakafu iliyozidi inabeba gogo la ulinzi: kipande cha mbao ngumu, upana mm 120, unene mm 80, kimo mm 90, kimegundishwa nyuma ya fensi mahali bledi inapotokea. Lipake rangi nyekundu. Mkono usiwekwe hapo hata mashine ikiwa imezimwa, ili usizoee.

Reli, na misimu miwili ya Dodoma

Sledi inaongozwa na reli zilizofungwa chini ya sakafu yake, zinazoteleza ndani ya mifereji ya meza ya mashine. Mfereji wa kawaida wa meza za viwandani una upana wa robo tatu ya inchi, yaani mm 19.05, na kina cha mm 9.5 hivi. Mashine za Kichina za kazi nyingi zina vipimo vyao, kwa hiyo pima kwanza. Flati bari ya mm 20 haiingii na kuisaga iingie ni adhabu. Reli ya mninga ni bora, kwa sababu mninga ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo sana unyevu unapobadilika. Hata hivyo uchague upande: miduara ya umri wa mti, ukiitazama kwenye ncha ya reli, isimame wima na isilale. Mbao inanywea na kuvimba kando ya miduara karibu mara mbili ya inavyofanya kuelekea kwenye kiini, nawe unataka upana wa reli uwe kwenye upande ule mpole. Valia barakoa ukipiga randa, vumbi la mninga linawasha kifua.

Dodoma mvua inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, miezi iliyobaki ni ukame na upepo wenye vumbi. Reli iliyotoshelezwa vizuri Februari itachezacheza Septemba. Iliyobana sawasawa Oktoba itagoma Januari. Kipindi kizuri cha kuitoshelezea ni Mei au Juni, na ukilazimika kuitengeneza kwenye ukame, iache na uhuru wa unene wa karatasi moja. Kimo chake kiwe mm 8.5, isiguse chini ya mfereji, ili punje za mchanga zipate pa kukaa.

Kuzibandika, weka wosha mbilimbili ndani ya mfereji wa meza ili reli zipande juu kidogo ya uso wa meza. Tia matone ya supaglu juu ya reli, kisha shusha sakafu ya sledi ikiwa imeegemea fensi ya mashine (ile ya mezani, si ya sledi) iliyofungwa sambamba na bledi. Subiri dakika tano. Geuza na ukaze skrubu kutokea chini, lakini toboa kwanza tundu la kutosha. Skrubu inayolazimishwa inaifanya reli ivimbe pale ilipoingia, na hapo ndipo sledi inapokwama kila mara bila sababu inayoonekana. Ikikwama, tafuta alama nyeusi inayong'aa ubavuni mwa reli, papare kwa msasa hapo tu. Mshumaa unatosha kuilainisha. Mafuta ya injini hapana, yanakusanya vumbi kisha yanapaka doa kila mbao.

Meza nyingi za mitaani hapa hazina mfereji kabisa. Ni bamba la chuma juu ya fremu ya angle, mota na mkanda, kazi ya fundi wa kuchomelea. Sledi inawezekana pia. Reli zinahamia nje, zinakumbatia kingo mbili za meza, na upana wa sakafu unakuwa upana wa meza. Sharti ni kwamba angalau ukingo mmoja uwe umenyooka na uwe sambamba na bledi. Chagua jino moja, litie alama, pima kutoka kwake hadi ukingoni likiwa mbele, lizungushe nyuma upime tena. Tofauti ikizidi nusu milimita, usirekebishe meza: legeza bolti za shafti uisogeze. Reli ya ukingo mbovu iache huru, iwe ya kuzuia kuruka tu, sledi iongozwe na ukingo mmoja mzuri. Kuongozwa na kingo mbili zisizokubaliana ni kugombana na mashine siku nzima.

Pembe, kwa mikato mitano

Guniya (kipimo cha pembe mraba) ya dukani inatosha kukuanzisha, si kukumalizia. Funga fensi kwa skrubu moja upande wa kulia, ncha ya kushoto ishikwe na klampu. Umbali kati ya skrubu na klampu hapa uwe mm 680. Chukua MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya kama mm 400 kwa 400. Iweke kushoto kwa bledi, kata ukingo mmoja, izungushe kufuata mshale wa saa ili ukingo uliokatwa uegemee fensi, kata tena. Rudia mpaka pande zote nne zimekatwa, kisha kata mkato wa tano, ukanda wa kama mm 20. Kabla ya kuukata uandike "fensi" kwenye ncha iliyo karibu na fensi, maana ukishaanguka ncha zote zinafanana.

Pima ncha mbili kwa venia. Tuseme ncha ya fensi ni mm 21.84 na ya mbali ni 21.20. Tofauti ni 0.64. Gawanya kwa 4, kwa sababu kosa limejikusanya mara nne: 0.16. Gawanya kwa urefu wa ukanda, tuseme 380, zidisha kwa 680. Jibu ni mm 0.29. Ncha ya fensi ndiyo nene, kwa hiyo ncha ya kushoto ya fensi inasukumwa mbele, kuelekea mbali na wewe. Ingekuwa nyembamba, ungeivuta nyuma.

Hiyo mm 0.29 haisukumwi kwa jicho. Nunua fila geji duka la spea za magari, yale mabamba membamba ya vipimo ya kurekebishia valvu. Funga kigogo kwa klampu kikigusa mgongo wa fensi kushoto, legeza fensi, isukume mpaka bamba la 0.30 lipite kati yake na kigogo, kaza. Rudia mikato mitano. Tofauti ikishuka chini ya mm 0.1, kosa la mkato mmoja ni chini ya mm 0.025 kwenye mm 400, na hakuna mlango utakaokulalamikia. Ikiongezeka maradufu, umeenda upande usio wake. Sasa kaza skrubu zote, nne au tano.

Pembe hii haibadiliki ukibadilisha bledi. Kinachobadilika ni njia na kipimo.

Kuzaa ulimi

Ulimi mpya hauna njia. Uingize kutoka nyuma mpaka ulingane na ukingo wa mbele, ukaze kwa skrubu mbili za mm 12 zenye vichwa vilivyozama, kila moja mm 35 kutoka mstari wa bledi. Zisiwe ndefu zaidi: sakafu ina mm 15 tu, na ncha ya skrubu inayochungulia chini inachora meza na kukwamisha sledi. Shusha bledi, weka sledi, ibane isitikisike, washa, pandisha bledi polepole itoboe ulimi. Zima, toa klampu, kisha washa na usukume njia yote mpaka mm 80 baada ya uso wa fensi. Funga kizuizi mezani ili sledi isipite hapo. Ulimi unabaki kipande kimoja kwa sababu nyuma hakujakatwa.

Uso wa fensi nao unahitaji ulimi, na hapa ndipo wengi wanaishia njiani. Sakafu inalinda ukingo wa chini wa mbao, ukingo wa nyuma unalindwa na fensi. Toboa katikati ya fensi uwazi wa kupitisha bledi zote, kimo mm 75, kisha bandika usoni plaiwudi ya mm 6 kushoto na kulia ukiacha nafasi ya mm 150. Nafasi hiyo inajazwa na kibao cha shiti ileile, kinachoshikwa na skrubu mbili na hakigundishwi. Zile za pembeni zimeinuliwa na safu ya gundi, chenyewe hakina gundi, kwa hiyo kinazama kidogo nyuma ya uso. Ndivyo inavyotakiwa. Kikitokeza hata unene wa karatasi, mbao itaegemea kibao badala ya fensi na hesabu yote ya mikato mitano imekwenda na maji. Fanya mikato hiyo baada ya nyuso hizi kubandikwa, si kabla.

Kila jozi iandikwe kwa maka: upana wa jino, idadi ya meno, mshale wa kuelekea mbele. Jozi ya 2.4 ikipitishiwa bledi ya 3.2 mara moja tu, imekufa. Igeuze kuwa jozi ya 3.2.

Kuna bledi ambazo ulimi hauzisaidii kwa muda mrefu. Bledi ya chuma kitupu, isiyo na kabaidi (zile ncha ngumu zinazobandikwa kwenye meno), inanolewa kwa tupa na meno yake yanapinduliwa moja kushoto moja kulia kwa mkono. Kila inaponolewa upana wake unabadilika. Iachie ulimi uliochakaa, uikatie kazi za kenchi.

Na wale wanaopachika bledi mbili za kawaida pamoja ili wapate mfereji mpana: meno ya kabaidi ni manene kuliko bamba, kwa hiyo yakikutana yanazuia mabamba kugusana. Ukikaza nati, mabamba yanapinda na kabaidi inapasuka. Seti ya dado imetengenezwa meno ya bledi moja yakae kwenye mabonde ya jirani yake. Inataka shafti ndefu ya kutosha nati ishike nyuzi zake zote. Kama shafti haifiki, kata mfereji kwa bledi moja ukirudia mara tatu.

Kizuizi cha urefu

Ukikata vipande ishirini vya urefu mmoja unatumia kizuizi kwenye fensi. Kikikaa upande wa F, kubadilisha bledi kunakuhamishia kipimo mm 0.1 tu, na rula uliyoibandika kwenye fensi inaendelea kusema kweli. Kikikaa upande wa nati, rula inakudanganya kwa mm 0.7 kila unapovaa bledi nyembamba, na milango miwili ya kabati moja inatofautiana bila mtu kujua kwa nini. Kama mashine yako inakulazimisha upande wa nati, achana na rula: egemeza ncha ya mbao iliyokwisha kunyooshwa kwenye ukingo wa njia ya ulimi, pima kutoka hapo. Ukingo huo umechongwa na bledi yenyewe.

Fensi ya mashine isiguse ncha ya pili ya mbao wakati sledi inatembea. Kipande kilichobanwa kati ya fensi na bledi kinarushwa kwa nguvu zote za mota, na kinakuja kifuani.

Bledi nyembamba inaondoa mbao pungufu kwa robo kuliko ya 3.2, ndiyo maana mota iliyo mwisho wa waya mrefu inaipenda. Lakini bamba la mm 1.6 linapata joto haraka na kuyumba. Ukiona kingo za njia ya ulimi zimeanza kuwa nyeusi, bledi inasugua: ni butu, ina utomvu, au unasukuma kwa pupa. Iloweke kwenye maji ya moto na sabuni, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe kabla haijashika kutu.

Ndimi zitundikwe ukutani kwa tundu moja, zisisimamishwe pembeni zikajipinda. Mvua za kwanza zikinyesha, kabla ya kuanza kazi yenye melamini, toa ulimi na uurudishe. Ukikataa kuingia, plaiwudi imevimba. Piga msasa ukingo mmoja tu, ule wa upande wa nati.